Benite Nahayo, anayechora jiko kwa kipimo cha mpishi

Saa mbili na nusu asubuhi, mtaa wa Mutanga Sud, Bujumbura. Benite Nahayo ameketi kwenye kigoda, pembeni mwa jiko ambalo si lake. Daftari liko magotini, penseli mkononi, na kwa karibu nusu saa hajatamka neno.

Mbele yake Carmen, mwalimu wa chuo kikuu na mama wa watoto watatu, anapika kama anavyopika kila Jumamosi. Maharage yanachemka. Ndizi zinamenywa. Kila Carmen anapotoka kwenye sinki kwenda kwenye jiko la gesi, Benite anahesabu hatua zake na kuchora mistari midogo kwenye daftari.

Maharage yanapotiwa kitunguu, mistari imefika tisini na mmoja.

"Mama, mbona chumvi inakaa kule mbali?" anauliza hatimaye.

Carmen anacheka. "Ndiko fundi alikopachika kabati."

"Basi ni fundi njo anakutembezaka," Benite anasema kwa Kiswahili cha mjini hapa, ambacho husema "njo" kwa "ndiyo", na kuandika.

Leo hatapima ukuta hata mmoja. Utepe wa kupimia umebaki ndani ya mkoba. Ukuta haukimbii, anasema, utamngoja mpaka kesho. Siku ya kwanza ni ya mpishi.

Benite ana miaka thelathini na minane na kazi yake ni kuchora majiko. Bujumbura ina waashi hodari, ina maseremala ambao kazi zao zinavuka mpaka hadi Uvira, Kongo, lakini mtu wa kulipwa ili afikirie jiko kabla mwashi hajashika mwiko bado ni jambo geni. Wapo wanaomwita fundi, wapo wanaomwita arkitekti. Yeye hajali sana jina. Anachojali ni kwamba katika miaka sita amechora majiko sabini na matatu, na anaweza kukutajia kila moja liko nyumba gani na mama wa nyumba hiyo anashika kisu kwa mkono upi.

Alisomea ujenzi shule ya ufundi, wasichana wakiwa wawili darasani. Alipomaliza aliajiriwa na mjenzi mmoja wa nyumba za kupangisha, kazi yake ikiwa kusafisha michoro ya wengine.

"Walikuwa wanachora sebule, wanachora vyumba, wanachora pa kuweka gari," anakumbuka. "Kisha pembe inayobaki, wanaandika pale: jiko. Siku moja nikauliza, huyu mama atafungua mulango wa jiko na mulango wa frigo kwa wakati moja namna gani? Bosi akanijibu, atajizoeza."

Hakudumu hapo. Akapata kazi ya kuuza vigae katika duka la Mzee Massoudi, mfanyabiashara ambaye familia yake imeuza vifaa vya ujenzi mjini tangu enzi za babu yake. Mshahara ulikuwa faranga laki moja na nusu kwa mwezi. Ni pale dukani, kati ya maboksi ya vigae na mifuko ya gundi, ndipo kazi yake ya leo ilipozaliwa.

Wanawake walikuwa wakija na simu, wakimwonyesha picha za majiko ya Ulaya na Dubai. Walinunua vigae vingi kuliko ukuta, au pungufu. Benite akawa anawauliza mlango uko wapi, maji yanaingilia wapi, nani anapika. Kisha anachana kipande cha boksi na kuwachorea. Hakuwatoza kitu.

Siku moja Mzee Massoudi alisimama nyuma yake, akatazama mchoro mpaka ulipoisha.

"Mwanangu," akamwambia, "hii unayoitoa bure ndiyo bidhaa. Vigae kila mtu anauza."

Maneno hayo yalimtoa nyuma ya kaunta. Lakini soko halikumpokea kwa mikono miwili. Mwaka wa kwanza alipata kazi nne tu. Wenye nyumba walimsikiliza kwa adabu, kisha wakamuuliza mbao ni za bei gani. Alipowaambia haleti mbao, analeta mchoro, wengine walidhani anawatania.

"Mutu mumoja wa Kinindo aliniambia, mi nimekula vizuri miaka hamusini, hakuna mutu aliyelipwa kuchora," anasema Benite, na sasa anaweza kulitabasamia. "Nikamwambia, ni kweli baba, lakini we ulikuwa unakula. Aliyekuwa anapika umemuuliza?"

Hakuulizwa. Na wala Benite hakupata kazi ile.

Kazi iliyombadilishia sifa mjini ilikuja mwaka jana, wiki saba kabla ya Idi kubwa. Ilimfikia kwa simu ya mwanamke aitwaye Rania, ambaye sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu anayejificha chumba cha pili.

Rania ni mke wa Bader, mfanyabiashara mwenye ghala la vyakula karibu na Zone Industrielle, eneo la viwanda. Wanaishi Kinindo pamoja na mama yake Bader, Bi Ghanima, mwenye miaka sabini na mmoja. Babu zake Bi Ghanima walitoka Omani, na yeye mwenyewe alizaliwa Bujumbura, akaolewa Bujumbura, na kwa miaka arobaini pilau lake la Idi lililisha ndugu, majirani na wapangaji, Waislamu kwa Wakristo.

Kisha kiharusi kikampiga. Alipona, alhamdulillahi, lakini mkono wa kushoto ulibaki mzito na mguu wa upande huo haukumwamini tena. Kusimama zaidi ya dakika kumi hakuwezi. Kwa miezi kumi na minne hakuwa ameingia jikoni ila kuomba maji.

"Tulimkataza kwa mapenzi," Rania anasema. "Tuliona anapumzika. Kumbe alikuwa anatutoka kidogo kidogo. Mtu aliyekuwa anaamrisha nyumba nzima akawa anauliza kama anaweza kupata chai."

Bader alikuwa na wazo lake. Alitaka jiko jipya la kung'aa, kama lile aliloliona safarini, kabati nyeupe hadi darini. Aliamini mama yake akiliona atafurahi. Benite alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kuzungumza na mama.

Bi Ghanima alikuwa barazani, shungi limekaa vizuri, tasbihi katika mkono wa kulia.

"Jiko langu lina kosa gani?" alimuuliza Benite. "Jiko ni zima. Mbovu ni mkono wangu. Kamchoree mwanangu ghala, mama, mie niache."

Benite akaaga. Kesho yake akarudi, akajibiwa yaleyale. Siku ya tatu alirudi na kilo ya vitunguu na mchele, akaomba ruhusa kwa Rania, akafungua jiko na kuanza kupika pilau mwenyewe, mlango ukiwa wazi upande wa baraza.

Anakiri kwamba alikuwa na hila, ila si kubwa. "Pilau mi sijui kweli. Kwetu tunakula bugali na ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Nilikata kitunguu kama cha kuweka kwa maharage, vipande vinene."

Bi Ghanima alivumilia sauti ya kisu kwa muda. Kisha ikasikika fimbo yake sakafuni, kok, kok, mpaka mlangoni.

"Nani kakufundisha kukata kitunguu hivyo?"

"Hakuna mutu, mama Bader."

"Inaonekana. Sogea."

Alivuta kiti, akaketi, akachukua kisu. Kitunguu kikamkimbia. Akakibana kwa kiwiko cha kushoto, kikateleza tena, kikaanguka sakafuni. Rania, aliyekuwa akichungulia, anasema alitaka kukimbilia kukiokota, na Benite akamzuia kwa macho.

Bi Ghanima alichukua kingine. Akakiegemeza kwenye ukingo wa sinia, akakikata polepole, vipande vyembamba kama karatasi. Ilimchukua robo saa kumaliza vitunguu vitatu, jasho likimtoka, na muda wote huo Benite hakumsaidia. Alikuwa anaandika. Kiwiko kinafika wapi. Goti linakunjika kiasi gani. Sufuria anaisukuma, haiinui.

"Unaandika nini?" bibi akauliza.

"Jiko lako, mama."

Mchoro ulikamilika baada ya siku tisa. Haukufanana na picha ya Bader hata kidogo. Meza ya jiko ilishushwa ili mtu apike ameketi, na chini yake, ukiacha droo moja nyembamba, pakaachwa wazi pa kuingiza miguu. Sinki, meza na jiko la gesi vilikuwa kimo kimoja, bila ukingo kati yao, ili sufuria iliyojaa maji iteleze mpaka motoni bila kuinuliwa. Kwenye ubao wa kukatia palichomoza misumari miwili mifupi ya kushikilia kitunguu. Kabati za juu zikafutwa zote.

Bader aliutazama mchoro kwa muda mrefu. "Dada, hili ni jiko la mgonjwa," alisema.

"Apana," Benite akamjibu. "Ni jiko la mupishi anayeketi. Mama yako si mugonjwa. Ni jiko njo lilikuwa linamufanya mugonjwa."

Bader akaweka karatasi mezani, na kazi ikaanza.

Seremala alikuwa Fortunat, mtu wa miaka hamsini na ushee mwenye karakana Zone Industrielle, ambaye Benite humwamini kuliko wote na hugombana naye kuliko wote. Mbao nyekundu zilitoka Kongo. Jiwe la juu, bao moja jeusi la mita mbili na nusu, lilikuwa la mwisho la aina yake kwa muuzaji. Siku kumi na mbili kabla ya Idi kila kitu kilikuwa mahali pake, na Bi Ghanima akaitwa kuliona jiko lake.

Aliingia, akagusa jiwe kwa kiganja. Kiti chake kikaletwa, kile cha mto mnene ambao daktari alimwagiza akalie kwa ajili ya nyonga. Akaketi, akajisogeza chini ya meza.

Magoti yakagonga droo.

Alijirudisha nyuma kidogo, akanyoosha mikono mbele kufikia ubao, akatabasamu. "Inatosha, mwanangu. Pazuri sana. Mungu akubariki."

Bader alifurahi, Rania akatokwa na machozi, Fortunat akaanza kukusanya vifaa vyake. Benite peke yake ndiye aliyekuwa anatazama chini ya meza.

Kosa lilikuwa lake, na hadi leo hulisimulia bila kulifunika. Alimpima Bi Ghanima akiwa kwenye kiti cha kulia chakula, si kwenye kiti chenye mto. Tofauti ilikuwa sentimita nne.

"Niliisikia ile 'inatosha'," anasema. "Mama yangu pia aliisemaka hivyo. Ukimuletea kiatu kinabana anasema kinatosha. Wamama wetu wamezoea kutosheka. Mi nikajua, akirudi nyuma hivyo kila siku, mugongo utamuuma. Wiki mbili tu, ataacha. Halafu watasema, mnaona, hawezi tena kupika."

Nje, kando ya gari, alimwambia Fortunat kwamba jiwe linaondolewa.

"Sentimita ine?" Fortunat hakuamini. "Mama mwenyewe amesema ni sawa. Juu ya sentimita ine tubomoe?"

"Zile sentimita ine njo kazi yenyewe. Hizo zingine zote mutu yeyote angezifanya."

"Na jiwe likivunjika? Hakuna lingine."

"Likivunjika nitamuangalia mama Bader usoni nimuambie ni mimi. Lakini siwezi kumuachia meza ya uongo."

Fortunat aliwasha gari akaondoka bila kuaga. Usiku huo hakupokea simu. Asubuhi, Benite alipofika Kinindo kumweleza Bader kosa lake na kumwambia kwamba gharama ya kulirekebisha ni juu yake, alimkuta Fortunat ameketi kwenye ngazi za baraza na wabeba mizigo wanne kutoka bandarini, wanaume waliozoea kushusha magunia ya saruji.

"Hawa mikono yao haitetemeki," Fortunat alisema. Bader aliposikia kosa na nani atalipia, akawafungulia mlango wa jiko.

Hesabu ilikuwa hivi: meza haikuweza kupandishwa, kwa sababu isingelingana tena na jiko la gesi, na sufuria isingeteleza. Kilichopaswa kupungua ni unene wa chini. Droo ingeondolewa, ubao mnene uliobeba jiwe ungekatwa, na badala yake vingewekwa vyuma viwili vyembamba vilivyofungwa ukutani. Lakini ili kuufikia ubao, jiwe lote lilipaswa kunyanyuliwa, pamoja na tundu la sinki katikati yake, mahali ambapo jiwe huwa jembamba na hupenda kupasukia.

Walilinyanyua kwa mikanda ya turubai. Benite alishika upande wa sinki mwenyewe, kiganja chini ya tundu, kana kwamba kiganja kingezuia. Lilipofika usawa wa kifua likatoa mlio mdogo. Wote wakasimama.

"Hakuna aliyepumua," anasimulia Rania. "Mama mkwe alikuwa mlangoni. Nilimsikia anasoma dua."

Fortunat aliinama, akapitisha kidole gumba polepole kuzunguka tundu lote. "Ni gundi imeachia," akasema. "Jiwe ni zima. Tembeeni."

Likalazwa juu ya magodoro mawili sebuleni. Kazi ya vyuma ilichukua siku tatu, na siku ya nne jiwe likarudi. Bi Ghanima aliketi kwenye kiti chake chenye mto, akajisogeza. Magoti yakaingia. Akaendelea kujisogeza mpaka kifua kikagusa jiwe, na viwiko vyote viwili, mzima na mzito, vikalala juu ya meza.

Safari hii hakusema inatosha. Alimgeukia mkwewe. "Rania, sufuria kubwa iko wapi?"

Idi ilipofika, Benite alialikwa pamoja na mumewe Pontien, mwalimu wa fizikia, na Fortunat aliyekuja amevaa koti. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi Bi Ghanima alikuwa mezani pake. Alikata vitunguu vyake, akakaanga nyama, akasukuma sufuria ya maji kutoka sinki hadi motoni kwa mkono mmoja, na kila aliyenyoosha mkono kumsaidia alirudishwa kwa neno moja: "Ngoja."

Walikula watu thelathini na wanane. Wakati wa kupakua, Bader alisimama mlangoni mwa jiko akimtazama mama yake. Kisha akamwendea Benite na kumwambia, mbele ya wajomba zake, kwamba alikuwa ametaka kununua kabati nyeupe.

"Ni hivyo tu alisema," Benite anakumbuka. "Lakini mi nilielewa. Nililala siku hiyo nikiwa murefu."

Sifa zilisafiri zenyewe. Mashangazi waliokula pilau lile walitaka kujua nani alichora meza. Leo Benite hutoza kati ya faranga laki tatu na laki tano kwa mchoro na usimamizi, hupata majiko mawili au matatu kwa mwezi, na hulipa ada za shule za watoto wake bila kusubiri mshahara wa Pontien. Daktari mmoja wa viungo humtumia wagonjwa wake. Mwezi uliopita alichora jiko la mwanamume kipofu anayeishi peke yake Mutanga, ambaye alimwagiza jambo moja tu: kila kitu kikae mahali ambapo mkono wake unakwenda wenyewe.

Si kazi zote zinakwenda hivyo. Wapo wanaochukua mchoro na kutoweka, kisha anauona umejengwa vibaya kwa jirani yao. Wapo wanaume wanaomjibu wao wakati swali amemuuliza mke. Siku hizi ana dawa ya hao: humwomba baba wa nyumba achemshe chai jikoni, yeye akimtazama. Wengi wakishatafuta majani ya chai dakika tano, humwachia mke azungumze.

Fortunat, aliyegombana naye juu ya sentimita nne, sasa huwaeleza maseremala wenzake habari ile kana kwamba wazo lilikuwa lake. Alipoulizwa, hakukana. "Yeye aliona," alisema. "Mi nilibeba. Bila mi angekuwa anaona mpaka leo."

Jiko la Benite mwenyewe ni ushoroba wa mita mbili katika nyumba ya kupanga, na mwenye nyumba haruhusu hata msumari. Watu humcheka kwa hilo. Yeye huwajibu kwamba mshona suti si lazima avae tai.

Sasa amekodi chumba kimoja, barabara inayopanda kuelekea chuo kikuu. Ndani yake Fortunat anaunda meza ya kupanda na kushuka kwa kuzungusha mpini, yenye sinki halisi na jiko halisi la gesi, na pembeni sehemu ya mbabura, maana nyumba nyingi za Bujumbura bado zinapikia makaa, na Benite anasema hajawahi kuona anayewachorea hao. Mtu atakuja, atapika mlo wake wa kawaida, meza itafuata mwili wake, na vipimo vitatoka hapo kabla hajanunua hata kigae kimoja. Mwenye pesa atalipa. Wa mbabura atapikia wote watakaokuwepo, na hiyo ndiyo ada yake.

Wachoraji vijana watano waliomaliza shule ya ufundi wameomba kujifunza kwake, wanne wakiwa wavulana. Amewakubali wote, kwa sharti ambalo tayari limewafanya wawili waende kuomba somo kwa mama zao. Wiki ya kwanza hakuna penseli. Kuna mwiko, unga na maji yanayochemka.

"Mutu hajasonga bugali," anasema Benite Nahayo, "asinichoree jiko."